Ndege za Taifa na Kazi ya Watu wa Thika

Haya ni maneno ya mazungumzo juu ya usafiri wa ndege, yaliyotungwa kwa ajili ya wafanyakazi wa Eneo la Viwanda Thika na majirani zao wa Ruiru.

Asubuhi, wakati watu wa zamu ya usiku wanapotoka viwandani kuwapisha wenzao, pengine husikika mvumo wa ndege juu ya mji. Wengi hawainui hata vichwa. Hudhani ya kwamba chombo kile ni cha watalii, cha wakubwa na cha wasomi waendao ng'ambo, wala hakimhusu mtu anayesimama mbele ya mashine ya kufuma nguo au anayepanga vipande vya nanasi katika makopo. Dhana hiyo yafaa ichunguzwe. Yawezekana kabisa ndani ya ndege ile mna maua yaliyokatwa jana katika shamba la karibu na Ruiru. Na kama ni ndege ya taifa, basi katika hesabu za kampuni yake mna fedha za kila mtu alipaye kodi nchini Kenya. Kwa hiyo ni haki ya mwenye fedha kujua chombo hicho kilitoka wapi, kinaendeshwaje, na kwa nini mara nyingine kimeleta fahari na mara nyingine kimeleta deni.

MWANZO WA SAFARI ZA ANGANI

Reli ilifika Thika kutoka Nairobi mwaka 1913. Watu wa siku zile waliona ya kuwa hapana chombo kitakachoishinda garimoshi kwa mwendo. Lakini miaka kumi na sita tu baadaye, mwaka 1929, mjane mmoja wa Kizungu aitwaye Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya ndege mjini Nairobi, pamoja na rubani Tom Campbell Black. Kampuni hiyo, Wilson Airways, ilichukua barua na abiria wachache. Ilipofika mwaka 1939, vita vikuu vilizuka, na ndege zake pamoja na marubani wake wakachukuliwa kwa kazi ya kijeshi. Huo ukawa mwisho wa kampuni, ila jina lake halikupotea: uwanja wa ndege ndogo wa Nairobi ulipewa jina la Wilson mwaka 1962, na hata leo waitwa hivyo.

Vita vilipokwisha, serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja zilikubaliana kuwa na shirika moja. Shirika hilo, East African Airways, lilianza kazi mwezi wa Januari 1946 likiwa na ndege sita za namna ya Dragon Rapide. Zilikuwa ndege zenye injini mbili na mbawa mbili kila upande, moja juu ya nyingine. Mwili wake ulikuwa wa mbao na kitambaa, na kila moja ilichukua watu sita hata wanane. Kenya ilikuwa na sehemu kubwa kupita wenzake, kiasi cha theluthi mbili. Unguja ilikuwa na sehemu ndogo kabisa, isiyofika hata moja kwa mia.

Baadaye zilikuja ndege za chuma za namna ya Dakota. Mwaka 1957 shirika lilianza kupeleka abiria London kwa ndege zake kubwa za Argonaut, na mwaka 1960 likapata ndege mbili za Comet, zisizo na mapanga, zenye kwenda kwa nguvu ya mvuke wa moto utokao nyuma ya injini. Mwaka 1966 zikafuata Super VC10.

Yafaa kueleza kidogo kwa nini VC10 zilipendwa. Uwanja wa Nairobi u juu ya bahari kwa kiasi cha mita 1,600, karibu sawa na Thika yenyewe. Mahali palipo juu hivi hewa ni nyepesi, na jua likipanda huwa nyepesi zaidi. Bawa la ndege hubebwa na hewa. Hewa ikiwa nyepesi, sharti ndege ikimbie mbali zaidi kabla ya kuinuka, ama sivyo ipunguze abiria na mizigo. Mafundi wa Uingereza waliitunga VC10 kwa kusudi la viwanja vya juu na vya joto kama Nairobi. Kwa sababu hiyohiyo njia ya kurukia ya Embakasi ni ndefu, yapata mita 4,117.

Na tukitajapo Embakasi, haifai kusahau jasho lililomwagika pale. Uwanja ule ulifunguliwa mwaka 1958, na sehemu kubwa ya kazi yake ilifanywa na mahabusu waliokamatwa wakati wa Hali ya Hatari. Wengi walitoka katika nchi ya Wakikuyu, ambamo Thika na Ruiru zimo. Walichimba na kusawazisha ardhi ambayo ndege zilishukia, na wao wenyewe hawakuwa na ruhusa hata ya kwenda kwao kwa miguu.

UMOJA NA UTENGANO

Baada ya uhuru, nchi tatu za Kenya, Uganda na Tanzania zilitia sahihi mkataba wa Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 1967, na shirika la ndege likawa mali yao pamoja. Kwa macho ya mgeni, mambo yalikuwa mazuri. Ndege zilifika Ulaya na Asia. Lakini ndani ya nyumba palikuwa na manung'uniko. Makao makuu na karakana zilikuwa Nairobi, na Tanzania iliona ya kuwa faida hukaa Kenya. Kenya nayo ililalamika ya kuwa wenzake hawatoi fedha zinazowapasa. Tena baada ya Idi Amin kutwaa serikali ya Uganda mwaka 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kukaa naye katika baraza moja, na wakuu wa Jumuiya hawakukutana tena. Shirika likakosa wa kuliamulia.

Mwanzo wa mwaka 1977 ndege zilisimama. Kenya iliunda kampuni yake, Kenya Airways, tarehe 22 Januari 1977, na tarehe 4 Februari ikaanza safari kwa ndege mbili za Boeing 707 zilizokodiwa. Mwezi huohuo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na mpaka huo haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Tanzania na Uganda nazo zikaunda mashirika yao. Shirika lililokuwa moja likawa matatu, na kila moja likalazimika kununua vyombo vyake, kuajiri mafundi wake na kutafuta abiria wake. Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni kweli, uhunzi uliendelea. Lakini mhunzi aliyevunja koleo hununua lingine kwa fedha zake mwenyewe.

KAZI YA NDEGE ILIVYO

Mtu wa kiwandani huielewa kazi ya ndege upesi akilinganisha na kazi yake. Kiwanda cha nguo kikifuma kitambaa leo na mnunuzi asije, kitambaa hukaa ghalani kikimngoja kesho. Kiti cha ndege hakina ghala. Ndege ikiruka na kiti kitupu, kiti hicho cha siku hiyo kimekufa. Hakuna atakayekinunua tena. Ilhali mafuta yamechomwa, rubani amelipwa, na ada ya uwanja imetolewa vilevile. Kwa hiyo kampuni hushindana na saa: ndege ikae hewani muda mwingi, ardhini muda mchache, na viti vyake vijae.

Kenya peke yake haina abiria wa kutosha kujaza ndege kubwa kila siku. Ndiyo maana Nairobi imefanywa kama gulio la njia panda. Msafiri wa Lusaka, wa Kinshasa na wa Entebbe hukusanywa kwa ndege ndogo na kuletwa Nairobi. Hapo wote hupandishwa katika ndege kubwa iendayo Amsterdam, London au Mumbai. Wakirudi, hugawanywa vivyo hivyo. Ndege moja ikichelewa, abiria wa nchi tano hukosa safari. Kazi hiyo ni kama mkanda wa kiwanda: mtu mmoja akilala, mkanda wote husimama.

Jambo la pili ni fedha. Ndege hununuliwa au hukodiwa kwa dola. Mafuta na vipuri ni kwa dola. Sehemu ya nauli, lakini, hupokelewa kwa shilingi. Shilingi ikishuka thamani, deni hukua hata kama kampuni haikukopa senti moja zaidi. Wenye viwanda vya Thika wanunuao malighafi ng'ambo wanaujua ugonjwa huo vizuri.

WARIDI NA NANASI

Si kila mzigo unaofaa kupanda ndege. Nanasi la Thika likisha kutiwa katika kopo laweza kungoja meli Mombasa bila kuharibika. Kahawa ya Ruiru, mahali penye kituo cha utafiti kilichotoa mbegu ya Ruiru 11 mwaka 1985, nayo husafiri kwa magunia baharini. Mizigo hiyo ni mizito na ina subira.

Waridi halina subira. Hukatwa kungali na umande, likiwa bado halijafunguka. Hutiwa katika ndoo ya maji na kupelekwa katika chumba cha baridi. Akina mama na vijana hulipanga kwa urefu wa shina, hulifunga na kulitia katika sanduku. Lori lenye baridi hulichukua kwa barabara ya Eastern Bypass, kutoka Ruiru hata Embakasi. Wakaguzi wa mimea hulitazama kama lina wadudu au ugonjwa. Usiku huohuo laweza kuwa tumboni mwa ndege, na baada ya muda mfupi huuzwa Uholanzi katika mnada wa Aalsmeer. Likichelewa siku mbili katika joto, kazi yote ya shamba imekuwa samadi. Ni kweli ya kwamba sehemu kubwa ya maua huchukuliwa na ndege za mizigo za makampuni ya kigeni, na siku hizi mengine yajaribiwa kwa meli. Lakini ndege ya abiria nayo hubeba mizigo chini ya miguu ya wasafiri, na malipo ya mizigo hiyo husaidia kulipia safari.

Tena ndege haichukui tu, huleta pia. Mashine ya kiwanda ikivunjika chombo kimoja kidogo kisichopatikana nchini, mamia ya watu huweza kukaa bure. Chombo hicho kikiletwa kwa meli, ni majuma mengi. Kikiletwa kwa ndege, kazi huanza tena baada ya siku chache.

Watu waliujua ukweli wa mambo hayo mwaka 1,000 na mia tisa haukuufundisha, bali mwaka 2020. Tarehe 25 Machi mwaka huo Kenya ilizuia ndege za abiria za kimataifa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na zuio hilo halikuondolewa mpaka tarehe 1 Agosti. Masoko ya Ulaya yalifungwa. Maua yalitupwa mashambani, na wafanyakazi wengi wa maua wakarudishwa nyumbani bila mshahara. Mtu ambaye hakupanda ndege hata mara moja katika maisha yake alipoteza kazi kwa sababu ndege hazikuruka.

CHUMA KIDOGO KILICHOLETA MSIBA

Liko jambo moja katika historia hii ambalo kila fundi na kila mfagiaji wa kiwanda afaa kulijua. Tarehe 18 Aprili 1972, ndege ya East African Airways ya namna ya VC10 ilikuwa ikikimbia kuruka kutoka Addis Ababa, ikiwa na watu 107. Palikuwa na kipande cha chuma kilichoanguka njiani kutoka katika ndege ndogo. Gurudumu la mbele la VC10 lilikanyaga chuma kile, likapasuka. Rubani aliamua kusimama, lakini breki hazikushika kwa nguvu zake zote, maana sehemu moja ya breki ilikuwa imeunganishwa vibaya wakati wa matengenezo. Ndege ilipita mwisho wa njia, ikaanguka na kuwaka moto. Watu 43 walikufa.

Kenya Airways nayo imeonja msiba. Tarehe 30 Januari 2000 ndege yake ilianguka baharini karibu na Abidjan. Kati ya watu 179, waliookoka ni 10 tu. Wachunguzi walieleza ya kuwa kengele ya onyo ililia kwa uongo, na ndege ikashushwa wakati ilipopaswa kupanda. Tarehe 5 Mei 2007 nyingine ilianguka karibu na Douala usiku, na watu wote 114 wakafa.

Watu hao hawakuuawa na bahati mbaya peke yake. Chuma kilichoachwa chini, kifaa kilichofungwa vibaya, onyo lililosomwa vibaya: hayo ni makosa ya mikono na macho ya watu. Aachaye msumari sakafuni mwa kiwanda Thika, na atiaye sahihi ya kuwa mashine imekaguliwa ilhali hakuikagua, yuko katika njia ileile iliyofika Addis Ababa.

HASARA NA FAIDA

Miaka yake ya kwanza Kenya Airways ilikuwa mali ya Serikali, na hesabu zake hazikuwa nzuri. Mwaka 1991 Serikali ilimweka Philip Ndegwa kuwa mwenyekiti wa kuitengeneza. Madeni yalipangwa upya, kazi ikatiwa nidhamu, na kampuni ya Uholanzi ya KLM ikaingia kama mshirika kwa sehemu 26 kwa mia. Mwaka 1996 hisa ziliuzwa kwa watu wote katika soko la hisa la Nairobi, na zaidi ya watu 100,000 wakanunua. Miongoni mwa wenye hisa walikuwamo watu wa kawaida wenye akiba ndogo. Kwa miaka mingi waliona fahari kuwa na sehemu katika kampuni iliyosifiwa barani pote.

Kisha mambo yakageuka. Kampuni ilipanga kujikuza kwa haraka na kuchukua ndege nyingi mpya. Wakati huohuo mashambulio ya magaidi yalipunguza watalii. Mwaka 1 tu baada ya moto kuteketeza jengo la wasafiri wawasilio Nairobi, Agosti 2013, ugonjwa wa Ebola ulisimamisha safari za nchi kadhaa za Afrika ya Magharibi. Na mapatano ya kununua mafuta kwa bei iliyowekwa mapema yakaleta hasara bei ya soko iliposhuka. Katika mwaka wa hesabu uliokwisha Machi 2016, hasara ilifika shilingi bilioni 26.2. Mwaka 2017 madeni yaligeuzwa kuwa hisa: Serikali ikawa na sehemu 48.9 kwa mia, mabenki 38.1, na KLM ikabaki na 7.8. Sehemu ya wenye hisa wadogo ilipungua sana. Mwaka 2020 uuzaji wa hisa hizo ulisimamishwa, na haukufunguliwa mpaka Januari 2025. Kwa muda huo wote mwenye hisa aliyetaka kuuza ili alipe karo ya mtoto hakuwa na soko.

Hesabu za mwaka 2024 zilionyesha faida ya shilingi bilioni 5.4, ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi. Watu walifurahi, lakini nusu ya kwanza ya mwaka 2025 ilileta hasara tena, kwa sababu baadhi ya ndege kubwa zilikaa chini zikingoja injini na vipuri. Hapo yaonekana jinsi kazi hii isivyo na mapumziko: faida ya mwaka mzima huweza kuliwa na ndege tatu zisizoruka.

NENO LA KUFUNGIA

Wako wasemao ya kwamba taifa liache kabisa kubeba mzigo huu, kwa kuwa ndege za wageni zipo na fedha hizo zingejenga zahanati na barabara. Neno hilo si la kudharauliwa. Mlipa kodi wa Thika analo haki ya kulisema. Wako pia wasemao ya kwamba nchi isiyo na ndege zake hungoja huruma ya wengine, na siku ya shida wageni huondoa vyombo vyao kwanza. Neno hilo nalo lina uzito.

Lakini pande zote mbili zahitaji kitu kimoja kabla ya kuamua, nacho ni hesabu iliyo wazi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Shirika la mwaka 1946 lilikufa kwa sababu wenye mali hawakuaminiana katika hesabu. Kampuni ya mwaka 1977 iliugua kwa sababu ilinunua kabla ya kupima. Hesabu zake hutangazwa kila mwaka, wala si siri. Mzee wa kijiji, katibu wa chama cha wafanyakazi na mwalimu wa shule waweza kuzisoma na kuwaeleza wenzao kwa lugha nyepesi, kama wanavyosoma hesabu za chama cha ushirika cha kahawa. Na mtu aliyekwisha kuelezwa, asikiapo mvumo juu ya Thika alfajiri, atainua kichwa kama mwenye mali atazamaye ng'ombe wake: akijua ni wangapi, wamekula nini, na nani amewachunga.